Rabsel na Ua la Siagi

Imepokewa kutoka kwa watu wa kale kwamba katika nyumba ya watawa ya Drakmar, nchi ya Tibeti, aliishi mfuasi wa Buddha aliyeitwa Rabsel mwana wa Kunzang. Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyefinyanga ua kubwa la siagi, sadaka ya sikukuu ya mwaka mpya. Kisha akaja Jungne, mtawa kijana kutoka kusini, na ua kubwa akapewa yeye.

Rabsel akaungua kwa wivu. Kila Jungne aliposifiwa mezani, yeye alisukuma bakuli lake kando. Mwalimu wake, Mzee Palden, akamfundisha zoezi la kuirudi nafsi: avutapo pumzi, ajitwike maumivu ya mwenzake, aitoapo, ampe mwenzake heri yake yote. Rabsel alilifanya kila alfajiri, lakini moyoni alinung'unika, "Heri yangu ameshaichukua bila kupewa."

Siagi haivumilii joto. Wafinyanzi wake hutumbukiza mikono katika maji ya barafu, na anayeota moto wakati wa kazi huondolewa katika ufundi huo maisha yake yote. Rabsel aliijua vyema sheria hiyo. Asubuhi moja, wenzake wakiwa ibadani, alisogeza chungu cha makaa chini ya ua la Jungne. Petali zikalegea, zikaanguka. Akakirudisha chungu jikoni.

Msimamizi, Mzee Tashi, alipoingia na watawa baada ya ibada, akamfokea Jungne.

"Ehe, fundi wetu! Umekaa motoni kama mzazi aliyejifungua jana?"

"Sikuota moto, Mzee," akasema Jungne.

"Basi siagi imeshikwa na homa? Hebu lete mikono!"

Jungne akainyoosha. Rabsel, aliyesimama karibu, hakuwahi kuitazama mikono ile. Ilikuwa imepasuka kwa baridi, inavuja damu. Akavuta pumzi, na safari hii maumivu yale yakamwingia kweli.

"Mwacheni," akasema. "Makaa niliyaweka mimi."

"Wewe, Rabsel? Kwa nini?"

"Kwa sababu ua lake ni zuri kuliko langu."

Akavuliwa kazi mbele ya wote, na hakufinyanga tena hadi kufa kwake. Baada ya miaka mingi, Jungne alimwuliza kama wivu ule umekwisha.

"Haujaisha, ndugu yangu. Hata jana walipokusifu uliamka. Ila siku hizi ukiniamuru, siutii."

Basi tusidhani kwamba waja wema hawakuhusudu. Walihusudu kama sisi, wakakiri.