Bi Pimbi na Kiti Kitupu cha Mheshimiwa Kiboko

Sogeeni, wajukuu zangu, niwasimulie. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado na nyumba zao, majiko yao na redio zao, kituo kimoja cha redio kilikuwa juu ya majabali. Mtangazaji wake aliitwa Bi Pimbi. Kimo chake hakikufika hata goti la swala, lakini sauti yake ilivuka mabonde.

Asubuhi moja Bi Pimbi alikuwa akimngoja Mheshimiwa Kiboko, mgombea wa uenyekiti wa mto. Wanyama wa bondeni walikuwa na neno naye. Mkondo wao ulikuwa umekauka, na bwawa la Kiboko limejaa pomoni. Kila nyumba ilikuwa imewasha redio.

Saa mbili ikafika. Mgeni hakuonekana.

Mara Kasuku, fundi mitambo, akaingia na kikaratasi. "Dada, Mheshimiwa ametuma salamu. Anasema amesafiri, yuko ng'ambo ya mto."

"Si jana tu alithibitisha kwamba atakuja?"

"Alithibitisha. Sasa sikiliza, dada. Mimi naweza kuiga sauti yake. Wewe uliza, mimi nijibu. Nani atajua?"

"Sisi tutajua," akasema Bi Pimbi.

"Basi mseme vibaya. Anastahili."

Bi Pimbi alikisoma kile kikaratasi. Hasira alikuwa nayo. Mtungi wa nyumbani kwake ulikuwa mkavu tangu juzi, na wanawe walilala na kiu. Maneno makali yalimjaa kinywani. Ila akamkumbuka Nyani, aliyetangaza kabla yake. Siku Kiboko alipokosa kuja, Nyani alimwita pipa la tope hewani. Kiboko akakimbilia Barazani, kwa wazee waamuzi, akilia kwamba ametukanwa. Nyani akafukuzwa, redio ikafungwa masika mazima, na habari ya mkondo hakuna aliyeiuliza tena.

"Anangoja tusi," Bi Pimbi akasema polepole. "Hatalipata. Washa mitambo."

Akasogea kwenye kipaza sauti.

"Wasikilizaji wetu, hamjambo. Leo tulimwalika Mheshimiwa Kiboko, naye akakubali. Hajafika. Ametuarifu kwamba yuko safarini. Kiti chake kipo na mlango uko wazi. Nitasoma maswali yenu kama mlivyoyaleta, na kila swali nitaliachia nafasi ya jibu. La kwanza ni la Mama Kanga wa bondeni. Makinda wake wananyonya umande kwenye majani. Anauliza, Mheshimiwa, mkondo wetu umezibwa na nani?"

Kisha akanyamaza.

Tik. Tik. Tik. Saa ya ukutani ikasikika bonde zima. Kasuku akajikuna shingo. Bi Pimbi mwenyewe moyo ulimdunda, maana kwa mtangazaji kimya ni kizito kuliko jiwe. Hata hivyo hakukipunguza. Alipoona muda wa jibu umetosha, akalisoma tena swali lile lile, kwa sauti ile ile, akanyamaza tena.

Ngiri, karani wa Kiboko, ndiye aliyesimulia baadaye yaliyokuwa yakitendeka bwawani. Kiboko hakusafiri popote. Alikuwa amelala majini, redio iko ukingoni.

"Andika tusi la kwanza tu," alimwambia Ngiri, "twende Barazani."

Ngiri akangoja na kalamu yake. "Mzee, hajatukana."

"Sikiliza vizuri."

"Nasikiliza, mzee. Amekuita Mheshimiwa mara tatu. Sasa amenyamaza."

"Ananinyamazia mimi?" Kiboko akainuka, maji yakamwagika pande zote, akashika njia ya majabalini.

Kule studio wakasikia ti, ti, ti. Vikombe vikatetemeka. Mlango ukajaa Kiboko, tope likimchuruzika mpaka sakafuni. Kasuku akamnong'oneza Bi Pimbi, "Muulize safari ilikuwaje."

Bi Pimbi akatikisa kichwa. "Karibu kiti, Mheshimiwa. Wasikilizaji, mgeni wetu amefika. Zimebaki dakika kumi."

"Kwa nini unanifanyia kimya mbele za watu?" Kiboko akafoka.

"Muda ule ulikuwa wako, Mheshimiwa, na huu uliobaki ni wako pia. Mama Kanga anauliza, mkondo umezibwa na nani?"

Akanyamaza, akamtazama kwa heshima. Tik. Tik. Kiboko alikuwa amejiandaa kwa matusi. Kwa swali hakujiandaa. Akatafuta neno la kukamata, asilione. Kile kimya kikamshinda.

"Nimeziba mimi," akaropoka. "Mwili huu wote ungeogelea wapi?"

Kutoka bondeni ukasikika mngurumo wa wanyama, ukipanda.

"Ahsante kwa jibu lako," akasema Bi Pimbi. "Swali la pili."

Kabla jua halijawa utosini, wanyama walikuwa wamefika bwawani na majembe, wakazibua mkondo. Jioni Kiboko alikwenda Barazani kushitaki. Wazee wakamwuliza, "Alikutukana neno gani?" Ngiri akafungua daftari lake. Lilikuwa jeupe.

Wajukuu zangu, hadithi inatua hapa na fundisho lake ni hili: anayeuliza kwa adabu humwondolea mwenye hila pa kujificha.