Mbuzi wa Kuepushiwa

Zamani, lakini si zamani sana, maana Kiingereza kilikuwa kimeshafika, Bwana Shekuwe alirudi kutoka mjini na neno moja tu, "avert". Alisema maana yake ni kuepusha baya kabla halijafika. Basi kila nyumba iliyosalimika na moto wa kiangazi ikadaiwa mbuzi, eti yeye ndiye aliyeuepusha. Nani angebishana na tajiri mwenye walinzi wa marungu?

Mwanamke mmoja, jina lake Sikujua, alikuwa na mbuzi mmoja, ambaye maziwa yake ndiyo yaliyomlea mwanawe. Siku ya kulipa alimfungia mbuzi huyo bila majani tangu alfajiri, kisha akamkokota hadi uani kwa tajiri, ambako maharage yalikuwa yameanikwa jamvi zima. Majirani walikuwepo, maana kwao mbuzi hapokewi mpaka kamba ishikwe mbele ya watu.

"Bwana mkubwa, hebu nifunze na mimi mtu wa jikoni. Aliyeepusha hudai nini?"

"Mbuzi."

"Hata kama baya lenyewe halikuonekana?"

"Ndio utamu wa neno hilo. Halionekani."

"Na akiepusha mnyonge kama mimi?"

"Hata wewe, maskini," Shekuwe alisema, walinzi wakacheka.

"Haya, shika kamba. Mbuzi ni wako."

Alipoishika tu, mbuzi aliruka kuelekea maharage, kamba ikamponyoka tajiri. Sikujua akamdaka mnyama kwa pembe, mdomo ukiwa shibiri moja na jamvi.

"Maharage yameliwa, bwana?"

"Hayajaliwa."

"Basi nime-avert," Sikujua alisema, akiizungusha kamba mkononi. "Nilikuja kulipa, naondoka nimelipwa."