Fimbo ya Mzee Senkondo

Hapo zamani, lakini si zamani sana, maana kanisa lilikuwa limekwisha kuezekwa bati na wazee wameanza kugombea viti vya mbele, palikuwa na usharika mmoja huko milima ya Upare. Kila Jumapili watu walileta sadaka ya mazao na mifugo, na baada ya ibada vitu hivyo vilinadiwa uwanjani. Msijifanye hamjui mnada wa kanisani. Wengine wenu mmewahi kununua mkungu mliouleta wenyewe.

Jumapili hiyo Mchungaji Kiangi alihubiri juu ya upofu wa kiroho. Alihubiri saa nzima na robo. Alieleza habari za mtu aliyezaliwa kipofu, Yesu akamfumbua macho, na wakubwa wa dini waliokuwa na macho yao mazima wasione kitu. Akasema anayekiri upofu wake yuko karibu kuponywa. Watu wakaguna, kila mmoja akamtazama jirani yake kuona kama neno limemwingia.

Kwenye sadaka alikuwamo kuku mwekundu. Aliletwa na mzee wa kanisa, Eliakunda, ambaye asubuhi ile hakuwa na cha kutoa, akamkuta kuku uani kwake. Akasema Bwana amempatia, akamfunga miguu. Mchungaji akamwombea baraka. Uwanjani, Mbonea, dalali wa mnada, akamnyanyua juu na kuanza kunadi.

Hapo akatokea Nakijwa, mjane wa kule bondeni, anahema, na kanga yake nzuri ameifunga kifuani, imetuna. Mbonea hakupoteza muda.

"Mama naye kaleta mayai. Nani anaanza?"

"Siuzi," akasema Nakijwa. "Yako kumi na moja, yanaanguliwa kesho. Mama yao alitoka kula asubuhi, hakurudi. Nimeyapa joto la mwili wangu, lakini mimi si kuku. Huyo uliyemshika ni wangu, na sina mwingine."

Akakohoa Mzee Senkondo, kipofu tangu utotoni.

"Ni wake kweli. Nilimjua kwa sauti tangu mle kanisani." Akainua fimbo yake ya kutembelea. "Leo nataka kuiachia fimbo hii. Aliye kipofu kunishinda aje aichukue."

Mngedhani watu wangejificha. Wapi! Mahubiri yalikuwa bado ya moto.

"Fimbo ni yangu," akasema Eliakunda. "Nilikiona kifua chake kimenyonyoka manyoya, nikajua ana mayai mahali. Niliona wizi, nikauita neema. Nani kipofu kunishinda?"

"Fimbo ni yangu," akasema Mbonea, kuku kambana kwapani. "Mimi ni jirani wa Nakijwa. Uzi huu mweusi mguuni, alama ya kuku wake, niliufunga mimi mwenyewe. Nimeushika nikinadi, lakini nilichokiona mimi ni fedha za kununulia kengele mpya ya kanisa. Nani kipofu kunishinda?"

"Fimbo ni yangu," akasema Mchungaji. "Nilifundisha upofu saa nzima na robo, kuku wa mjane analia miguuni pangu. Nikaamuru azibwe mdomo, eti ananikatiza. Nani kipofu kunishinda?"

Nakijwa akamgeukia Mzee Senkondo. "Na wewe, baba, ulimjua tangu kanisani. Mbona hukusema?"

"Nilitaka kujua nani ataona kwanza."

"Mayai yalikuwa yanapoa, baba."

Mzee akainamisha kichwa. "Basi labda fimbo ibaki kwangu."

Wale watatu wakakataa katakata. Wakasema yeye anayo siku zote, awaachie na wenzake. Wakaishika fimbo, huyu huku, huyu kule. Mchungaji akapendekeza iundwe kamati.

"Nimchukue kuku wangu?" akauliza Nakijwa.

"Subiri kidogo, mama. Tunazungumza jambo zito."

Akasubiri. Kivuli cha kanisa kikahama.

"Nimchukue kuku wangu?"

"Subiri kidogo, mama. Tunakaribia."

Mara ya tatu hakuuliza. Kifaranga ndani ya yai moja kilikuwa kimelia kifuani pake, kikanyamaza. Mimi nilikuwapo, nilimwona usoni, na naona aibu kusema kwamba nami nilikuwa nasubiri kujua nani atashinda.

Mwishowe wakakubaliana. Wakamwekea Nakijwa fimbo mkononi, wakamwambia: "Wewe ndiye uliyekosewa, mama. Mpe anayestahili."

Akasimama pale, mkono mmoja umekumbatia mayai, mwingine umeshika fimbo, hana mkono wa kumpokelea kuku.

Haya, nawaachia ninyi. Eliakunda, Mbonea, Mchungaji Kiangi au Mzee Senkondo: je, nani alistahili fimbo ile? Jibuni, lakini jibuni upesi. Nawajua mnavyopenda kubishana, na kuku bado yuko kwapani mwa Mbonea.