Chumvi ya Tembo, Viazi vya Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakipika na kusengenyana kama sisi, Tembo alirithi pango la chumvi na shamba la viazi vikuu. Pimbi, masikini, hakurithi kitu. Wanawe walilala njaa juu ya mawe, na hilo lilimuuma.

Tembo alilidharau shamba. "Viazi gani hivi? Unachimba, unaacha kichwa udongoni, halafu unangoja mvua! Chumvi haina kungoja." Wanyama wote walimletea ndizi ili walambe chumvi, naye akanenepa kwa ndizi na sifa.

Siku moja Pimbi akaja mbio na sururu aliyoiunda mwenyewe.

"Hodi! Shikamoo, Mzee Tembo! Mtu mzima unakwangua ukuta kwa pembe? Chukua hii. Mimi nipe kipande kidogo tu cha shamba."

Kwa! Kwa! Kwa! Chumvi ikaporomoka, Tembo akacheka. Ukuta ulipozidi kuwa mgumu, Pimbi akaleta mtaimbo, akapewa kipande kingine. Kisha akaleta toroli.

Bi Tembo akaingiwa na wasiwasi. "Mume wangu, chumvi ikiisha je?"

"Iishe vipi na ufundi unazidi? Juzi kikapu, leo gunia! Inaongezeka, huoni? Eti, Pimbi, fundi wangu, ikiisha?"

"Utaiota, mzee!" Pimbi akajibu, macho pembeni.

Tembo, na masikio yote yale mapana kama nyungo, akasikia "itaota." Akamwachia shamba lililobaki.

Msimu haukupita. Tembo akapiga mtaimbo. Ng'o! Mwamba ukamjibu. Akapiga tena. Ng'o! Chumvi imekwisha, na wageni wenye ndizi nao wakapotea. Njaa ikamshinda, akaenda na mkewe kwa Pimbi, akawakuta watoto wakipuliza viazi vya moto.

"Mwongo we! Ulisema chumvi itaota!"

"La, mzee wangu. Nilisema utaiota. Kwani jana hukulala?"

Bi Tembo akaangua kicheko, na njaa yake yote. "Kaiota! Kalamba mto wa kulalia mpaka asubuhi!"

Tembo akainamisha mkonga kwa aibu. Pimbi akamwekea kiazi kimoja kibichi, kisicho na chumvi.

"Karibu, mzee. Ila kichwa chake nirudishie, nikakipande."

Wanangu, kiotacho hutunzwa, kisichoota huotwa.