Moto wa Heshima wa Bonde la Mvungwe

Wewe uliyekaa hapo mbele, nikuulize: moto uliouacha nyumbani kwako, sasa hivi unapika nini?

Usinijibu bado. Paukwa.

Pakawa.

Sauti zimejaa usingizi hizo. Paukwa tena.

Pakawa.

Haya. Zamani sana, zamani za kale ambazo hata babu wa babu zenu walizisikia kwa watu tu, palikuwa na bonde liitwalo Mvungwe. Bonde lilikuwa na chemchemi moja, na chemchemi ilijaza bwawa. Juu yake palikuwa na msitu. Msitu ukavuta mawingu, mawingu yakaleta mvua, mvua ikashuka chemchemini. Wanyama wakanywa. Hakuna aliyeomba kibali.

Sasa, wanyama wale walikuwa na desturi yao. Kila mlango ulikuwa na moto. Waliuita moto wa heshima. Uliwaka asubuhi, uliwaka mchana, uliwaka usiku. Ngiri alipika mizizi, sawa. Kanga alipika mtama, sawa. Lakini chungu kikishaepuliwa, moto haukuzimwa. Uliongezwa gogo. Maana ukipita kwa jirani usione moshi, unasema, "Maskini, huyu kafa." Au unasema, "Maskini, huyu kafulia."

Na kadiri mnyama alivyokuwa mkubwa, ndivyo gogo lake lilivyokuwa kubwa. Mkubwa kuliko wote alikuwa Kiboko, mkuu wa bonde. Moto wake uliwaka ukingoni mwa bwawa, miti mizima mizima, na mizizi yake. Fuuu, fuuu, fuuu. Na Kiboko mwenyewe? Yuko majini, maji yamemfika machoni. Anakula nyasi mbichi. Hajapika hata siku moja tangu azaliwe. Hebu niambieni, moto ule ulikuwa wa nini?

Wa heshima.

Moshi ukapanda. Ukapanda, ukapanda, ukatanda. Ukalifunika bonde kama blanketi zito, joto likiingia halitoki. Msitu nao ukakatwa kulisha mioto. Ko, ko, ko, shoka kutwa. Mawingu yakaja, yakatazama chini, hayakuona msitu, yakapita zake. Chemchemi ikaanza kushuka.

Hapo ndipo anapoingia Mama Kuro. Kuro ni swala mkubwa wa nyasini, hawezi kukaa mbali na maji. Alikuwa na ndama, jina lake Manyunyu, aliyezaliwa siku ya mvua ya mwisho. Manyunyu alikuwa bado ananyonya. Mama asipokunywa, maziwa hayatoki. Habari yenyewe ni hiyo tu, haina siasa ndani yake.

Akaenda kwa Kiboko.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba, Mama Manyunyu. Sema."

"Chemchemi inakauka. Moshi umezidi, msitu unaisha. Tuzime mioto isiyopika kitu."

Kiboko akazama. Blubu. Ndiyo kawaida yake huyo. Akiulizwa jambo zito anazama, anangoja muulizaji achoke. Lakini Mama Kuro hakuchoka. Kiboko alipoibuka kuvuta pumzi alimkuta palepale. Basi akaunda kamati.

Katibu wa kamati alikuwa Fisi. Fisi kasoma, jamani, mdomo wake hautosheki na lugha moja. "Waheshimiwa," akasema, "this is a serious issue. Lazima tufanye assessment. Tuwashirikishe wadau. Tuandae semina."

Semina ikaandaliwa. Wakaalikwa wageni kutoka mabonde ya mbali, na kila mgeni akawashiwa moto wake wa heshima. Wakakaa wakijadili moshi huku wakikohoa. Wakapigiana makofi. Mwishowe Fisi akasimama kusoma uamuzi. "Wanyama wadogo wazime mioto yao with immediate effect. Moto wa Mkuu ni special case. Ule ni sura ya bonde."

Nguchiro akauliza kutoka nyuma kabisa, "Na sisi wengine ni nini cha bonde, visigino?"

Akatolewa nje.

Mama Kuro akarudi nyumbani. Akaufukia moto wake kwa mchanga. Pssss. Kanga akachungulia uani.

"Shoga, umefulia?"

"Sijafulia. Nimepika, nimemaliza, nimezima."

"Watu watasema."

"Waache waseme. Wakimaliza kusema waniletee maji."

Kanga akacheka. Kisha akamwona Manyunyu amelala kivulini, ulimi nje, ubavu unapanda na kushuka. Akaacha kucheka.

Kanga akazima moto wake. Ngiri akazima. Nguchiro akazima, kwa maneno mengi. Mtaa mzima wakabakiza jiko moja la udongo, wamelikandika vizuri joto lisitoroke, wakapika kwa zamu. Chungu kikishachemka kiliepuliwa, kikafukiwa ndani ya kapu la nyasi kavu, kikamalizia kuiva humo humo bila ukuni hata mmoja. Mashoka yakapumzika. Kule juu visiki vikachipua, na Ngiri akapewa kazi ya kulinda machipukizi yasiliwe, yeye mwenyewe akiyameza kwa macho. Na walipopika waliimba:

Zima, jirani, zima,
chungu kimeiva, zima.
Hewa ni yetu sote, zima,
mtoto apate kunywa, zima.

Blanketi la moshi likapungua. Alfajiri moja watoto wakaiona nyota, wakauliza ile ni nini. Wakubwa wakasema, tumeweza. Na kweli, upande wao walikuwa wameweza.

Lakini pale ukingoni, fuuu, fuuu, fuuu. Moto mmoja wa Kiboko ulikula kwa siku moja kile ambacho mtaa mzima ulikiokoa kwa msimu. Mvua haikuja. Chemchemi ikawa tope. Tope likawa ufa. Maji yaliyobaki bondeni yalikuwa chini ya tumbo la Kiboko, basi.

Mama Kuro akaenda kuyaomba. Njiani akakutana na Fisi.

"Namtaka Mkuu, bwana Katibu. Mtoto wangu ana kiu."

"Mkuu yuko busy. Kuna semina ya kutathmini ile semina. Njoo Jumatatu, mama."

Manyunyu hakuifikia Jumatatu.

Mama Kuro akambeba. Kanga akamfuata nyuma, Ngiri akafuata, Nguchiro akafuata. Wakashuka mpaka bwawani. Mama Kuro akamlaza ndama wake kando ya moto mkubwa.

"Mkuu," akasema, kwa sauti ya chini. "Nimekuletea mgeni. Moto wako umpe heshima."

Fisi, aliyekuwa kando ya Mkuu, akarudi nyuma hatua kwa hatua.

Kiboko akainamisha kichwa ili azame, kama kawaida yake. Maji hayakufika machoni. Akabaki hivyo, anatazamwa, naye anatazama.

Funzo nalisema waziwazi, asije mtu akadai sikumwambia. Mtaa unaweza kupunguza moshi wake: kuzima moto usiopika kitu, kupika pamoja, kulifunika lile joto kapuni, kuuacha msitu uote. Wadogo wanaweza, wameshaweza. Lakini mkubwa akisamehewa, jasho la wadogo limekwenda bure, na wa kwanza kulipia ni mtoto.

Hadithi yangu imeishia hapo, ukingoni, wanyama wamesimama na gogo bado linawaka. Kama lilizimwa au halikuzimwa, mimi sijui. Anayejua ni mwenye gogo.

Na nyinyi wenye gogo mpo, tunawajua. Nyinyi wa kamati na semina, nyinyi ambao majenereta yenu yananguruma kutwa kupoza vyumba visivyo na mtu, nyinyi mnaotia saini msitu ukatwe halafu mnakuja kumfundisha mama wa jiko la mafiga matatu namna ya kupika: msitupe Jumatatu nyingine. Zimeni leo, mchana, sisi tukiwaona.