Boliti ya Sita

Haya, kaeni chini. Wewe wa nyuma, simu mfukoni, hii sirudii. Nikisema gari, mnaniitikia limekwama.

Gari?

Limekwama!

Gari?

Limekwama!

Limekwama kwa Nguchiro. Mnamjua, kanyama kadogo, mwili kama soksi, akili kama sindano. Alikuwa anaishi na mama yake tu. Baba alishafariki, kawaachia pikapu kuukuu ya kubebea viazi. Sasa mama akashikwa na kifua. Anakohoa, kohu, kohu, mpaka anatema damu. Na mganga yuko ng'ambo ya mlima. Asubuhi Nguchiro akasema leo nampakia mama, tunaenda. Kutoka nje, tairi la mbele kushoto limelala chini. Pancha.

Akachukua kispana chake kifupi. Boliti ya kwanza, kwii, ikatoka. Ya pili, kwii, ikatoka. Mpaka ya tano, kwii, ikatoka. Ya sita ikagoma. Kutu imeila.

Na pikapu ile ilikuwa na jambo lake. Gari zingine ukitaka kufungua boliti unazungusha kushoto. Ile, magurudumu ya kushoto, ni kinyume. Ukizungusha kushoto unakaza. Ukizungusha kulia unafungua. Marehemu baba alimwonyesha mkewe na mwanawe, basi. Mtaa mzima hakuna mwingine aliyejua.

Nguchiro akaenda kwa Ngiri. Ngiri shingo yake kama gunia la mkaa, na ana spana ndefu na bomba la chuma la kuchomeka kwenye spana upate nguvu. Akamwomba amwazime, mama anaumwa. Ngiri akajibu vifaa vyake haviazimwi. Atakuja mwenyewe, na akifungua, pikapu ni yake.

Nguchiro akakuna sikio.

"Sawa, braza. Ila ukishindwa, spana na bomba vinabaki kwangu."

"Nishindwe mimi? Dogo, mimi hata jiwe la kaburi nang'oa."

Ngiri akachomeka bomba, akazungusha kushoto. Nguu! Boliti kimya. Nguchiro kakaa juu ya tairi la akiba, anatafuna karanga, anacheka kwa tumbo.

Mama akaita kutoka ndani, "Mwanangu, imefunguka?"

"Bado, mama. Kidogo tu."

Ngiri akatemea mate viganja, akazungusha kushoto. Nguu! Boliti kimya.

Mama akaita, sauti imepungua, "Mwanangu, imefunguka? Mwambie azungushe kulia. Baba yako alisema."

Nguchiro akakimbia mpaka dirishani. "Nyamaza, mama. Atasikia."

Mama akanyamaza.

Ngiri akapanda juu ya bomba na uzito wake wote. Nguuu! Praa! Spana ikateleza, Ngiri akaanguka, mdomo ukachanika. Kichwa cha boliti kikalika chote, kikawa duara, laini kama yai. Ngiri akaangalia, akaacha vifaa pale pale, akaondoka bila kuaga.

Nguchiro akacheza ngoma peke yake. Halafu akavalisha spana, azungushe kulia. Ikateleza. Akavalisha tena. Ikateleza. Hakuna pa kushika.

Akamwagia dizeli, akasubiri iingie. Akawasha moto, chuma kikapata joto. Akaweka tindo pembeni ya kichwa, akagonga kuelekea kulia. Ko, ko, ko. Akagonga mpaka jua likashuka usawa wa paa. Ko, ko, ko. Mara, kwii.

"Mama, imefunguka!"

Kimya.

"Mama. Imefunguka."

Ngiri alisikia kilio, akarudi na mdomo wake umevimba. Akauliza imekuwaje. Nguchiro akamweleza yote, mpaka habari ya kulia. Ngiri akakaa chini, akaitazama mikono yake.

"Ungeniambia kulia," akasema, "ningefungua kwa pumzi moja. Gari ningechukua, ndio. Lakini mama ningempeleka kwanza."

Labda uongo. Ngiri ni Ngiri. Lakini sasa nani atajua?

Wakafunga tairi pamoja. Ngiri akambeba mama mwenyewe, akamlaza nyuma ya pikapu, taratibu, kama vile bado anaumwa. Nguchiro akaendesha mpaka makaburini. Boliti ya sita hakuirudisha. Alikuwa ameishika mkononi, bado ina joto.

Nikisema gari, sasa mnaniitikia limeondoka.

Gari?

Limeondoka.

Na mama?

Basi, funzo la ngano hii ni kwamba mwenye nguvu usimpe siri yako hata siku moja, maana mjanja siku zote hushinda. Si mmeona Nguchiro alivyoshinda? Spana anayo, bomba analo, pikapu anayo.

Sasa wewe uliyekaa hapo, mama yako anakohoa ndani na Ngiri ameshika bomba. Ungemwambia azungushe upande gani?