Jogoo Aliyewasha Gari

"Muulize aliyebandika kabla hujabandua." Mmemsikia mama yenu akimwambia babu yenu hivyo asubuhi hii, na mmemwona babu yenu, mtu asiyenyamazishwa hata na padri, akirudisha kisu mezani kimya kimya. Sasa mmenizunguka hapa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Msihangaike kuyatafuta shuleni. Yalizaliwa katika ukoo huu, na mimi nilikuwepo, nimekaa kiti cha mbele na hasira zangu.

Methali hii ilianza hivi.

Lile gari la kijivu mnaloliona nyuma ya zizi, ambalo sasa kuku wanatagia, lilikuwa gari kweli. Tulilinunua likiwa tayari limezeeka, na lilikuja na funguo mbili. Mmoja baba yenu Gaudensi aliupoteza kwenye shamba la chai, akatafuta siku tatu, akaambulia viroboto. Wa pili kichwa chake cha plastiki kilipasuka, chuma kikawa kinacheza kama jino bovu. Nikasema hapana, huu nao ukitupotea tutalisukuma gari hili mpaka kaburini. Nikaenda mjini Njombe kwa Fundi Chaula.

Fundi akanieleza vizuri, kwa subira. "Mama, gari hili haliwashwi na chuma peke yake. Ndani ya kichwa cha ufunguo kuna chipu. Gari lisipoiona hiyo chipu, utapiga stata mpaka betri ife, injini haiwaki ng'o. Waliweka hivyo kwa ajili ya wezi."

Chipu nyingine hakuwa nayo. Basi akafanya kama mafundi wetu wanavyofanya. Aliitoa chipu kwenye kile kichwa kilichopasuka, kipande cheusi kadiri ya punje ya hindi, akaibandika kwa tepu nyeusi chini ya usukani, jirani kabisa na pale unapochomeka ufunguo. Kisha akachonga funguo mbili za kawaida. "Sasa ufunguo wowote wa kuchonga utaliwasha," alisema. "Ila tepu hii isiguswe."

Jioni ile ile nilimweleza babu yenu yote. Alikuwa anasikiliza mpira redioni. Akanijibu, "Sawa, sawa." Nawaambia wajukuu zangu, mtu akikujibu sawa mara mbili, jua hajasikia hata mara moja.

Gari likatembea miaka miwili bila neno.

Ndipo Gaudensi akampenda Skolastika wa Makambako. Baba yake binti alikwisha kufariki, kwa hiyo msemaji wa nyumba alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Fidelisi Mwalongo. Yule mzee alikuwa mkavu! Mara ya kwanza tulipopeleka posa tulichelewa, kwa sababu Osmundi wangu aligeuza gari nusu ya safari kwenda kuhakikisha kama amefunga stoo. Alikuwa amefunga. Tulipofika, Mzee Mwalongo hakutukaribisha hata maji. Alisimama mlangoni akasema, "Jumamosi ijayo, saa tano kamili. Ikipita saa tano msigonge, na kijana wenu atafute kwingine."

Halafu akatukumbusha desturi ya ukoo wao. Upande wa mume hufika na jogoo hai. Jogoo akipokelewa huchinjwa na kupikwa siku hiyo hiyo, na firigisi huliwa na mzee wa nyumba kabla neno lolote la posa halijasemwa. "Na zawadi ikishavuka kizingiti changu hairudi," alisema. "Anayeidai amejirudishia na maneno yake ya posa." Gaudensi alirudi nyumbani siku ile hali, hanywi. Nilimsikia anazungumza peke yake nyuma ya jiko.

Sasa sikilizeni upuuzi. Ijumaa, siku moja kabla ya safari, babu yenu akaamua kusafisha gari. Mnamjua. Alikuwa mtunza stoo wa chama cha ushirika miaka ishirini na sita, na kitu kikikaa pasipo na orodha kinamwasha mwilini. Akaosha nje, akaosha ndani, akachukua kisu akaanza kukwangua. Mimi nilikuwa jikoni. Laiti ningetoka!

Jumamosi saa mbili asubuhi tulikuwa tayari. Mimi nimevaa kitenge kipya. Gaudensi amevaa koti la kuazima. Shangazi Yuditha, dada yake Osmundi, alikuwa na mguu mbovu na ulimi mzima, naye alikalia kiti cha nyuma na jogoo mapajani, jogoo mwekundu aliyelala amefungwa kamba pale pale uani, ubavuni mwa gari. Osmundi akazungusha ufunguo. Stata ikalia, ikalia, ikalia. Injini haikuwaka. Kwenye dashibodi taa ndogo nyekundu ikawa inatukonyeza.

"Baridi hii," Osmundi akasema. Tukangoja jua. Halikuwaka.

"Betri." Gaudensi akavua koti, akasugua vichwa vya betri. Halikuwaka.

"Mafuta machafu." Halikuwaka. Hatimaye akatazama ng'ambo ya ua, kwa jirani, akasema kwa sauti ya chini, "Kuna watu hawapendi mtoto wetu aoe."

"Osmundi!" nikamwambia. "Jirani yuko Iringa tangu Jumanne. Umegusa nini kwenye gari hili?"

"Sijagusa kitu."

"Kweli?"

"Mama Gaudensi, nimesema sijagusa kitu!"

Saa tatu ikapita. Kutoka kwetu hadi Makambako ni mwendo wa saa moja na nusu, na barabara ya kijijini ilikuwa tope tupu. Basi la asubuhi lilikwisha kuondoka. Pikipiki ingembebaje Yuditha na mguu ule? Na bila shangazi hakuna posa. Gaudensi alikuwa ameegemea boneti, amefumba macho, midomo inamcheza. Mtoto wangu wa pekee. Nilihisi kama nimkamate babu yenu nimpige stata yeye.

Nikampigia simu Fundi Chaula. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Mama, ile tepu yangu ipo?"

Nikainama, nikaingiza mkono chini ya usukani. Pakavu. Pamekwanguliwa pakang'aa.

"Osmundi," nikasema taratibu, "hapa palikuwa na nini?"

"Wapi? Pale? Palikuwa na uchafu tu. Tepu kuukuu imeganda. Nikaibandua."

"Si umesema hujagusa kitu!"

"Uchafu nao ni kitu?"

Yuditha akajishika kichwa. "Yesu wangu! Huyu ni kaka yangu wa tumbo moja?"

"Ulitupa wapi?" nikauliza.

Akaonyesha chini, pale pale ubavuni mwa gari. Tukakimbilia wote, hata mguu wa Yuditha ulipona. Tepu tuliiona, imechanwachanwa vipande vipande. Chipu haikuwepo. Tukapekua nyasi, tukachekecha udongo kwa vidole, nguo zetu za posa zikaingia matope. Ndipo Yuditha akanyanyuka, akamtazama jogoo aliyembana kwapani, akatazama ile kamba yake iliyokuwa bado imefungwa kwenye mti, hatua mbili kutoka pale.

"Jana jioni," akasema, "nilimwona huyu anavuta kitu cheusi. Nikadhani anakula mdudu."

Nikamweleza fundi kwenye simu. Nikasikia anacheka mpaka anakohoa. Alipopata pumzi akasema, "Basi, mama, msihangaike. Mpelekeni jogoo kwenye usukani."

Nilimchukua yule jogoo, nikamgandamiza kifua chake ubavuni mwa swichi. Alinidonoa mara mbili. "Zungusha!" nikamwambia Osmundi. Akazungusha. Ile taa nyekundu ikazimika, injini ikanguruma. Gaudensi aliruka ndani na koti likiwa mkononi.

Hatukuzungumza njia nzima. Yaani wao hawakuzungumza. Mimi nilizungumza tangu kijijini hadi Makambako, na babu yenu alisikia kila neno kwa mara ya kwanza tangu tuoane. Tulisimama mlangoni kwa Mzee Mwalongo saa tano kasoro dakika nne. Tukasalimiana kwa kamwene ya kwetu. Yule mzee akaangalia saa yake, akaangalia matope kwenye kitenge changu, akasema, "Karibuni." Binti mmoja akampokea jogoo mkononi mwangu, akavuka naye kizingiti.

Hapo ndipo akili ikanirudia. Nikamtazama Osmundi. Na yeye alikuwa ameshanitazama. Alikuwa amezima gari.

Mnaona tulipofikia? Chipu iko tumboni mwa jogoo, jogoo ameshavuka kizingiti, na anayedai zawadi amejirudishia maneno. Tukiomba, posa imekufa. Tusipoomba, mzee wa nyumba anatafuna chipu yetu, au inaishia jalalani pamoja na manyoya, na gari linabaki uani kwa wakwe kama kaburi. Gaudensi alininong'oneza, "Mama, usiseme kitu. Nitatembea kwa miguu mpaka nyumbani. Usiseme tu." Nje tukamsikia jogoo akilia mara moja, basi.

Tulikaa. Mzee Mwalongo anaongea habari za mahindi, sisi tunaitikia kama watu wenye homa. Muda si mrefu pazia likafunguka, akaingia Skolastika mwenyewe. Mikono ilikuwa bado ina maji. Akapiga magoti mbele ya baba yake mkubwa akiwa na kisahani, na juu ya kisahani kile kipande cheusi.

"Shikamoo baba. Samahani kuwakatiza. Nimekikuta hiki ndani ya firigisi wakati naisafisha."

"Jiwe hilo," mzee akasema. "Kuku wote wanameza mawe. Tupa, ulete firigisi."

Lakini yule binti hakunyanyuka.

"Mawe nimeyatupa, baba. Yale ya mtoni yana mviringo. Hiki kina pembe zilizonyooka, na ubavuni kimegandwa na gundi. Kuna mtu alikibandika mahali fulani. Nikaona niwaulize waliomleta jogoo kabla sijakitupa."

Nikamtazama Osmundi, Osmundi akatazama viatu vyake. Halafu, na hili nampa heshima yake mpaka leo, babu yenu akasimama. Hakumtanguliza mtu. Akaeleza yote, tangu kisu hadi tepu, tangu baridi hadi jirani, na jinsi alivyosema hajagusa kitu. Akamalizia, "Mzee mwenzangu, jogoo ni wako na hatumdai. Kosa ni langu. Kijana wangu hahusiki. Usimwadhibu kwa kisu changu."

Mzee Mwalongo alikichukua kile kipande, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Mabega yakaanza kumtetemeka. Nilidhani ni hasira. Kumbe mzee yule anacheka! Alicheka mpaka akafuta machozi kwa kofia yake.

"Yaani mmekuja kuposa," akasema, "mkiendeshwa na jogoo?"

"Ndiyo, baba," Gaudensi akajibu. Ukiacha salamu na minong'ono, hilo ndilo neno lake la kwanza siku ile katika nyumba ile.

Mzee akamgeukia Osmundi. "Wewe uliifanya kazi ya stoo miaka ishirini na sita. Kitu kimebandikwa ndani ya gari lako mwenyewe, aliyekibandika yupo, mkeo anamjua, na hukuuliza. Huyu binti amekikuta ndani ya firigisi, kwenye damu na mchanga, hajui ni nini, mimi mwenyewe nimemwamuru atupe, na bado ameuliza." Akatikisa kichwa. "Muulize aliyebandika kabla hujabandua. Osmundi, sema."

"Muulize aliyebandika kabla hujabandua," babu yenu akasema, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Tena."

Akasema tena. Ndipo mzee akairudisha chipu kwenye kisahani, akakisogeza mbele ya Skolastika. "Hii si zawadi, kwa hiyo inaweza kurudi. Mpe mwenyewe kijana." Na Skolastika akampa Gaudensi. Wengine huvishana pete. Baba yenu na mama yenu walianza na hiyo. Firigisi ikaletwa, ikaliwa, na posa ikapokelewa kabla ya saa saba. Jioni, kabla ya kuondoka, tuliibandika chipu pale pale pa zamani kwa plasta ya kidonda, na mimi ndiye niliyebandika.

Tangu siku ile, mtu akitaka kung'oa, kukata, kufuta au kutupa kitu asichokijua kazi yake, sisi humwambia hivyo, na watu wa Makambako nao husema, na wengi hawajui hata kama kulikuwa na jogoo. Na ile tepu babu yenu aliyoinolea kisu leo, iliyo kwenye bomba la uani, ni mama yenu aliyeifunga jana, maana bomba limepasuka na maji yangejaa ua mzima.

Haya, nyamazeni kidogo. Mnamsikia? Yuko pale bombani, anaita.

"Skola! Mwanangu, hii tepu nyeusi ni ya nini?"

Miaka kumi na saba, wajukuu zangu. Imemchukua miaka kumi na saba, na leo bado alianza na kisu. Lakini ameuliza. Basi na ninyi karirini mapema, msije mkaposa kwa msaada wa kuku: muulize aliyebandika kabla hujabandua.